Nafasi Moja Kwenye Ndege ya Meneja

Gogo lilimwangukia mume wangu kiunoni kwenye kiwanda cha mbao, kule Mufindi, miaka ya sabini. Tulikuwa bado hatujamaliza mwaka tangu tuoane. Mganga wa zahanati alimpima, akatuambia wazi kwamba pale hakuwa na la kufanya. Apelekwe Dar es Salaam. Kwa gari, barabara ile ingemmaliza. Meneja wa shamba la chai la jirani alikuwa na ndege yake ndogo, na mchana ule ndio alikuwa anasafiri. Akakubali kubaki ili mgonjwa aende.

Kiwanja kilikuwa nyasi tupu, zimelowa ukungu. Rubani aling'oa viti, tukamlaza mume wangu na godoro lake. Kisha rubani akasema, "Nafasi ni ya msindikizaji mmoja tu."

Nikarudi nyuma. Mama mkwe hakuwa na mtoto mwingine. Lakini alinishika mkono, akaniambia kwa Kihehe, "Nenda wewe. Mimi Kiswahili sikijui. Huko nitamwombea vipi hata maji ya kunywa?"

Akainama mlangoni, akamfuta mwanawe jasho, akaondoka bila kulia.

Sikuwa nimewahi kupanda ndege, na njia nzima sikutazama nje. Nilitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Tulipofika juu ya Dar, rubani aliongea kwenye redio, kisha akanigeukia.

"Dada, tusubiri kidogo. Kuna ndege kubwa inatua."

Tukazunguka. Ndipo nikaona mabati yanayong'aa, mengi mno, na nyuma yake bahari. Mume wangu akafumbua macho.

"Tumefika?"

"Tumefika."

Tukazunguka tena.

"Mbona hatushuki?"

"Tunashuka sasa hivi," nikamwambia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nikaviweka ndani ya sweta langu.

Mlango ulipofunguliwa, joto likatupiga usoni. Abiria wa ile ndege kubwa walikuwa wanashuka na mikoba yao. Mzee mmoja aliona tunavyomtoa, akasimama, akavua kofia. Gari la wagonjwa likatuchukua.

Alifariki kesho yake, kabla ya kupasuliwa. Kumrudisha nyumbani hakukuwezekana. Mfagizi wa wodi alinisikia nikilia kwa Kihehe, naye alikuwa mtu wa Iringa. Alizunguka mjini akawakusanya wenzake wa kwetu, wakamwosha, wakamzika.

Nilirudi kwa basi. Habari zilikuwa zimeshafika kwa redio ya mawasiliano ya shamba la chai. Mama mkwe alinikuta njiani, akanipokea mzigo, tukaingia ndani. Kuhusu ndege hakuuliza chochote.

"Wamemzika akina nani?"

"Watu wa kwetu, mama. Waliimba kwa Kihehe."

Akakaa chini taratibu.

"Basi hakuzikwa na wageni," akasema. Ndipo akalia, nami nikakaa karibu naye, na majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja.