Paka Sikumhesabu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nilikuwa mtu wa miguu, beseni la korosho kichwani. Kwenye gulio la Kitomanga wananijua, Mama Somoe wa korosho: nikikupunguzia bei, ujue nilishaipandisha kabla hujafika. Mzigo nauhesabu mara mbili.

Kitoto cha paka wetu kilinikwaruza mguuni nikikitoa kwenye gunia. Nikapangusa damu, nikaendelea kubangua. Baadaye mtoki ukavimba kwenye kinena, mkubwa kama yai. Ikaja homa. Kisha nyonga ikaanza kuuma kwa ndani, kama panya anaguguna mfupa.

Mama yangu akanikanda kwa maji moto. Ikazidi. Wifi yangu Zuhura akawa ananibeba mgongoni kwenda chooni, akinitania:

"Nauli yangu wifi, na leo hupunguziwi!"

Siku moja nikamkojolea mgongoni. Hakutania. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Hospitali picha ikaonyesha mfupa umeliwa. Wakatafuta kifua kikuu, hawakukiona. Nikamsikia daktari akimwambia mama mlangoni, "Huenda ni saratani. Kutembea tena, siwezi kukuahidi." Nikageukia ukutani. Mimi ninayebishania hata kitunguu, nilimwambia Mungu anichukue hivi hivi, sina bei.

Daktari akarudi na maswali.

"Nyumbani kuna wanyama?"

"Mbuzi na kuku."

"Na paka je?" akadakia Zuhura.

"Wifi nawe! Paka ni wa kutajwa hospitali? Si analala kwenye mswala wangu?"

Daktari akaacha kuandika. "Amewahi kukukwaruza?"

Nikafunua mguu.

Walinipasua, wakatoa usaha, wakaupeleka kupimwa mbali. Jibu likarudi: ni vijidudu vya ukucha wa paka. Wengi huishia kwenye mtoki na kupona. Mara chache sana huingia mfupani, na kwangu viliingia. Nilimeza dawa hadi harufu ya chakula ikanitapisha. Usaha ukakauka, homa ikakata.

Alhamdulillahi, natembea. Nachechemea, beseni kichwani siliwezi tena. Korosho anauza Zuhura, na wateja wanamwonea.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukikwaruzwa na paka, osha kwa sabuni. Ukivimba mtoki, usingoje. Na daktari akikuuliza, mtajie kila kitu, aamue mwenyewe.

Siku hizi naswali nimekaa kitini. Paka kaurithi mswala. Nikitoa salamu nahesabu: mbuzi, kuku, paka. Halafu narudia.