Mlango wa Banda la Kenge

Siku ya kwanza ya kazi yangu Kasongo niliajiriwa kuwa zamu, yaani mlinzi, nikadhani nitalinda stoo ya pamba. Kapita, msimamizi wa vibarua, akanipeleka nyuma ya ofisi. Kenge wawili walikuwa wamefungwa kamba mguuni mwa meza, dume akikaribia urefu wangu ukihesabu na mkia.

"Kazi yako ni hawa," alisema.

"Niwachinje?"

"Uwatunze. Bwana Administrata anangojea kamyo, lori la kuwaanzisha safari ya Ulaya. Wakikufa, unarudi kulima pamba."

Pamba ilikuwa kilimo cha lazima, na sikuikumbuka kwa wema. Lakini zaidi ya hapo, kazi ilikuja na nyumba karibu na lopitali, alipokuwa masela, mtawa mkunga. Mke wangu Feza alikuwa na mimba, na mimba zake za kwanza zote ziliharibika kijijini, mbali na msaada. Nyumba ile niliitaka kuliko mshahara.

Basi tukajenga banda. Waya uwe wa matundu madogo, maana matundu makubwa kenge hupenyeza pua na kujichuna. Pipa lipasuliwe kwa urefu liwe birika, na maji yabadilishwe kila asubuhi, kwa kuwa kenge hulala humo na kunya humo humo. Bwana Administrata, mkubwa wa teritware, yaani wilaya nzima, alitaka sakafu ya sima, ile saruji. Daktari wa mifugo alipopita akasema sima inaharibu kucha, nitie mchanga. Nikatia. Administrata akauliza nani kaniruhusu. Nikafanya nusu mchanga, nusu sima, wakanigombeza wote wawili. Mpaka leo sijui nilipaswa kumsikiliza nani.

Milango ilikuwa miwili, na nafasi ya kusimama katikati. Unaingia wa nje, unaufunga, ndipo unafungua wa ndani. Na usiogope mdomo tu, mkia ule ni fimbo.

Mama mkwe akaja kutoka upande wa Kabambare kungoja uzazi. Aliongea nami akinigeuzia mgongo, kama adabu ya ukwe inavyotaka.

"Mukwe, nasikia unafunga nyama wa pori."

"Ndiyo mama, ni kazi ya serikali, ya Bulamatari."

"Bibi yako iko na mimba. Mwenye bibi iko na mimba hafungi mutego, hafungi nyama muzima. Ukifunga, mutoto naye anafungwa mu tumbo."

Nikifungua, kenge wanakwenda, nyumba inakwenda, na masela tunamwacha. Nisipofungua, mtoto. Nilimuuliza masela mwenyewe. Akacheka, akasema nifungue madirisha ya nyumba, hewa iingie.

Uchungu ulimshika Feza alfajiri. Jua likapanda, likaanza kushuka, bado. Mama mkwe akatoka, akasimama kando ya ukuta wa lopitali na mgongo wake ule.

"Mutoto anakawia," alisema.

Nikaenda bandani nikafungua mlango wa ndani, nikafungua na wa nje. Kenge hawakutoka. Nikawasukuma kwa mti, dume akanichapa mkia mguuni, akarudi kuota jua kwenye mchanga. Nilisimama pale nikilia, nikiwabembeleza wanyama waende zao. Ndipo nikasikia vigelegele. Mtoto wa kike, mzima.

Nilitaka kufunga. Mama mkwe akaja mbio, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Hapana! Mpaka kitovu kianguke."

Nikaweka kiti mlangoni, nikawa mlango mimi mwenyewe. Siku hizo zote nililala na kula pale. Bwana Administrata akanikuta, banda wazi, kenge ndani wametulia.

"Umewafundishaje?"

"Wananijua, Bwana." Ningesema nini?

"Mutu ambaye wafungwa hawamukimbii anafaa kulinda boloko," akasema. Kamyo ilipowachukua kenge, akanihamishia Kabambare kuwa mlinzi wa gereza. Kama walifika Ulaya, hakuna aliyeniambia.

Feza akashika mimba tena. Mama mkwe alizihesabu funguo kiunoni mwangu. Nikamwomba mkuu wa gereza anipeleke bustanini kwa muda. Akasema, "Kazi yako ni funguo." Mtoto wa pili alizaliwa njiani, kabla hatujafika lopitali, bila shida yoyote, na mimi nimefunga watu wazima chumba kizima.

"Mama, sasa hii ni namna gani?"

"Pengine kuna mutu alifungua," akaujibu ukuta.

Nikarudi gerezani mbio nikashika kufuli moja moja. Zote zilikuwa zimefungwa. Sauti ikatoka ndani: "Zamu, bibi amezaa?"

"Amezaa."

"Mungu asifiwe," wakasema wote. Niliona haya, nikaondoka.

Nilishika funguo mpaka nilipostaafu. Juzi mjukuu wetu aliposhikwa na uchungu, nilijikuta nafungua banda la kuku. Wakamwagika uani wakala mihogo yote aliyoianika Feza.

"Wewe muzee," akanigombeza, "mambo ya mama unayaamini kweli?"

"Sijui."

Akanitazama. Halafu akaenda, akafungua na la bata.