Lango la Kutoka

Kazini walimwita Mama Lango, na wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila kikao, wenzake wakijadili bei za vifurushi, yeye alinyoosha mkono: "Na lile lango la kutoka, bosi, lini?" Watu wakaguna. Bosi, mtu wa tabasamu pana na ahadi nyepesi, alijibu lile lile: "Wiki ijayo, mama." Hiyo wiki ijayo yake, jamani, haikuwa na Jumatatu.

Alichokitaka hakikuwa ndege wala meli. Kampuni yao iliuza intaneti majumbani na maofisini. Wahuni wakitaka kuiangusha seva ya mtu, huteka kamera za ulinzi na vifaa vingine ambavyo wenyewe hawakujisumbua kubadili nywila, kisha huvifanya vimmiminie yule mtu maombi ya uongo mpaka laini yake ikabwe koo. Na maombi hayo hubandikwa anwani za kughushi, usijue yametoka wapi. Dawa yake ni ndogo: mtoa huduma anaweka sheria langoni, kwamba data isiyobeba anwani ya humu ndani haitoki, ng'o! Lakini dawa hiyo humponya jirani, si wewe uliyeimeza, na nani anahangaikia homa ya jirani? Ndiyo maana chati za ukutani pale ofisini zilionyesha yanayoingia tu. Ya kutoka hayakulalamikiwa na mteja yeyote, basi hakuna aliyeyatazama.

Asubuhi moja simu yake iliita. Alikuwa binti wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimlea wakati dada anaumwa. Msichana alikuwa shuleni, ofisini kwa mwalimu wake, mbele ya kompyuta, akisubiri usaili wa video wa saa nne. Ufadhili wa chuo cha uuguzi. Nafasi ilikuwa moja, na usaili hauahirishwi.

"Mama Mdogo, inazunguka tu. Haifunguki."

"Tulia hapo hapo, mwanangu. Usiguse kitu, usihame. Mimi nashughulikia."

Shule ile ilipata intaneti kwa kampuni nyingine. Fundi wa kule alikuwa Kipara, waliyesoma naye. Alimpigia huku damu inamchemka.

"Wewe Kipara! Shule ya mwanangu imekatika, nawe umekaa tu?"

"Nimekaa? Tunashambuliwa, dada! Wanaipiga hiyo hiyo shule, na wateja wangu wote wanazama nayo. Naitupa shimoni sasa hivi."

Shimoni, kwa lugha yao mafundi, ni pale unapotupa kila kinachokwenda kwa mteja anayeshambuliwa, kizuri na kibaya, ili wengine wapumue. Yaani mhuni anataka kumfungia mtu mlango, nawe unamsaidia kupigilia misumari. Mama Lango mwenyewe aliwahi kuwafanyia hivyo wateja wengi, akaenda zake kunywa chai. Leo ilimchoma.

"Thubutu! Zuia huko yanakotoka. Mpigie huyo mzembe afunge lango lake!"

Kipara alivuta pumzi. "Ndiye ninayeongea naye. Mengi yanaingia kwa waya unaotuunganisha na nyie."

"Sisi? Acha uzushi!"

Hata hivyo alifungua chati ya kutoka, ile isiyotazamwa. Lo! Mstari ulikuwa umepanda ukagonga juu. Nyani haoni kundule. Alitamani kuipasua ile kompyuta, na bosi pia.

Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliandika ile sheria, akaiwasha kwenye lango zima kwa mpigo, na mstari ukaporomoka. Hajashusha pumzi, bosi huyo mlangoni.

"Nani kagusa lango? Kiwanda kimekatika!"

Kiwanda kilikuwa mteja wao mkubwa, chenye intaneti ya kampuni mbili. Baadhi ya data yake ilipita kwao ikiwa na anwani halali ya kampuni ile nyingine, na sheria mpya ikaiona ni ya kughushi. Kila fundi anajua: sheria hii huwashwa polepole, mteja mmoja mmoja, wa namna hiyo ukiwaandikia ruhusa kwanza. Naye alijua, ila hasira ilimtangulia.

"Ondoa haraka!"

"Siondoi! Ningekuwa nimeshawaandikia ruhusa yao, bosi, kama hiyo wiki yako ingefika!"

Aliiandika palepale, bosi akimfokea kisogoni. Kiwanda kikarudi. Ilikuwa kazi ndogo tu, ndiyo iliyomtia uchungu zaidi. Kisha Kipara akapiga.

"Ya kwenu yamekoma, asante. Lakini bado ya kampuni nyingine, nazo zote zinasema wiki ijayo. Siwezi kuzamisha watu wote, dada, shule naitupa shimoni. Nisamehe."

"Kipara, subiri. Nipe robo saa tu. Kipara!"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Saa nne ikafika, ikapita. Aliogopa kupiga, hata msichana akapiga mwenyewe.

"Mama Mdogo, wamempigia mwalimu. Wamesema sikutokea, nafasi wamempa mwingine."

"Mwanangu, nimehangaika, wallahi nimehangaika..."

"Najua." Sauti ilikuwa ya kulia, ila haikuwa na lawama, afadhali ingekuwa nayo. "Mwalimu alitaka kuniazima simu yake kubwa, yenye bando, nifanyie humo. Nikamwambia hapana, mama yangu mdogo ni fundi wa intaneti, amesema nisihame."