Cleotha Gaines Juu ya Meza ya Samaki

Cleotha Gaines alikuwa mtoto wa kelele tangu mwanzo. Utotoni alipiga ngoma katika Kanisa la Utakatifu la mtaa wa Wodi ya Tatu, mjini Houston, Marekani, huku mama yake Ozella akiongoza kwa tari. Wawili hao wakianza, hata waliokuja kanisani kusinzia walijikuta wanaruka. Kisha kijana akaonja saksafoni, akakimbilia madansini. Akina mama wa kanisa wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu halikuvunjika, vilivunjika viti vya ukumbi, maana vijana waliupenda muziki wake kupita kiasi.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, bendi kubwa zilianza kufa moja moja. Cleotha akabaki na wanaume watano, akaamuru kila mmoja apige kelele ya watu watatu. Muziki wenyewe haukuwa na jina bado. Jina la ridhimu na bluzi, yaani R&B, lilikuja baadaye, na walioliweka wala hawakujua kucheza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuja kumsikia. Ozella alisema hasikilizi muziki wa shetani, na Ozella akisema amesema. Kila Jumapili walikula pamoja, wakaongea habari za mvua na za majirani, lakini bendi haikutajwa. Jambo hilo lilimuuma Cleotha. Aliyemfundisha mdundo ndiye hasa aliyemtaka amsikie.

Basi ikafika Juni kumi na tisa, sikukuu ya kukumbuka watumwa walivyoachiwa huru. Katika bustani ya mtaa, jukwaa la bendi ya Cleotha lilikuwa limewekwa kando ya meza ndefu ya akina mama wa kanisa, waliokuwa wakikaanga kambare. Ozella hakuwa na pa kukimbilia. Akageuza mgongo, akashughulika na mafuta yake.

"Leo lazima ageuke," Cleotha akamwambia Purvis, mpiga ngoma wake.

"Usimuudhi tu, bosi. Hao ndio wanaogawa samaki."

Wakapiga nyimbo tatu. Mgongo uko palepale. Liwalo na liwe, Cleotha akasema moyoni. Siku hizo mpiga saksafoni wa kweli alitembea juu ya kaunta ya baa huku akipuliza, bila kumwaga kinywaji cha mtu. Bustanini hapakuwa na baa. Palikuwa na meza ya samaki. Akapanda! Akapita kati ya sahani na chupa za soda nyekundu, akipuliza noti moja ileile mpaka shingo ikavimba, akapiga magoti, akalala chali kando ya bakuli la kabichi, miguu ikirusha mateke hewani.

Dada Lovie, mkuu wa wahudumu wa kanisa, akajua moja tu: mtoto wa Ozella amerudi kwa Bwana.

"Roho kamshukia! Mpepeeni jamani!"

Loo! Kufumba na kufumbua, akina mama wamemzunguka na mapepeo yao ya kadibodi. Mmoja kashika miguu asijiumize, mwingine anamvua viatu. "Asante Yesu!" "Mshike kichwa!" Cleotha angesema nini, na mdomo umejaa saksafoni? Umati ulikufa kwa kicheko. Wengine, kwa usalama wao, wakasema amina.

Ozella akageuka. Akaja na uma wake, akamkagua mwanawe.

"Hakuna Roho hapo, Lovie. Mwanangu akishukiwa namjua. Huyu anajishaua tu."

"Sasa tumwache?"

"Mwacheni ajishaue." Akamgeukia Purvis. "Na wewe! Nani kakufundisha ngoma? Tangu wimbo wa kwanza unachelewa! Mtoto anakimbia, wewe unamburuta!"

Ozella hakumngoja Purvis ajibu. Akachukua kifuniko cha kikaango, akakigonga kwa uma kwa mdundo wa kanisani, na bendi nzima ikaudaka.

Saksafoni ikamtoka Cleotha mdomoni. "Mama! Tangu wimbo wa kwanza?"

"Kwani mimi kiziwi? Puliza."

Akapuliza. Kicheko na machozi vilimbana pamoja, na saksafoni iliyotisha bendi zote za Texas ikalia kama bata. Akajaribu tena, ikalia bata mwingine. Ozella akaongeza mwendo.