Karatasi za Profesa Juu ya Kamba

Maktabani walimwita Mama Gundi, na hata mumewe alikuwa ameshasahau kumwita vinginevyo. Alikuwa fundi wa kufunga vitabu katika chumba cha chini, chini kabisa ya maktaba ya chuo kikuu. Mumewe, dereva mstaafu asiyeishiwa maneno, alipenda kuwaonya wageni wasimpe mkewe mkono, maana wangelala hapo hapo wameganda.

Vitabu alivijua kwa nje. Alijua mgongo, uzi, jalada na harufu ya karatasi iliyoanza kuoza. Yaliyomo ndani aliwaachia wenye nayo. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, mpaka yalipoletwa maboksi ya Profesa.

Profesa huyo, mwanamke aliyefundisha chuoni hapo, alikuwa amefariki. Mama Gundi alimjua kwa picha tu, ile iliyotundikwa ukumbini, amevaa joho na kutazama pembeni kama mtu aliyekatizwa shughuli zake. Alijua pia kwamba alitetea haki za wanawake, na kwamba wapo waliolitaja jina lake kwa kubinua midomo. Binti yake ndiye aliyeleta maboksi, na alipoyashusha mlangoni uso ulimshuka. Bomba lilipasuka stoo, akaeleza, na maji yalikuwa yamekaa humo siku kadhaa kabla hajajua. Aliuliza kama kuna kitakachopona. Mama Gundi akamwambia asikate tamaa, kisha akafungua boksi la kwanza. Karatasi zilikuwa zimeshikana kama mkate uliolowa.

Bahati ni kwamba Profesa alikuwa mtu wa penseli, na penseli haiogopi maji. Mama Gundi akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akaomba vibanio vya nguo, akaanza kubandua karatasi moja moja kwa kisu cha mfupa. Ni kazi isiyotaka pupa. Ukiharakisha, karatasi inakuachia nusu. Basi mkono ukienda polepole namna ile, macho nayo yanakosa pa kwenda, yanaanza kusoma.

Juu ya kila karatasi paliandikwa umri wa mwanamke, idadi ya watoto wake, kisha neno Kazi. Na mbele ya neno hilo, karatasi baada ya karatasi, Profesa aliandika jibu alilopewa: hakuna. Chini yake ndipo ilipoanza siku yenyewe. Ameamka kabla ya wote. Amewasha moto. Ameteka maji, amerudi, ameteka tena. Amemwogesha mama mkwe asiyeweza kusimama. Amelima hadi jua la utosi, mtoto mgongoni. Maandishi yalishuka hadi chini, yakageuka nyuma ya karatasi, yakapanda pembeni yalipokosa nafasi.

Mama Gundi aliacha kisu akakaa. Alikuwa amedhani maprofesa huandika wakiwa wamekaa maofisini. Huyu alikuwa amekaa visimani, kwenye vibaraza na mazizi, amewafuata hawa wanawake hatua kwa hatua tangu alfajiri. Kwenye karatasi moja aliandika pembeni: "Mimi naondoka, nimechoka. Yeye bado."

Jioni ile alimsimulia mumewe. Mume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaosha vyombo.

Kamba zilipojaa, Mama Gundi alimwita mkuu wa hifadhi ya nyaraka ashuke aone. Mkuu alikuwa mwanamke mwenye haraka, anayejibu simu huku anatembea. Alifika mlangoni akasimama. Chumba kizima kilikuwa kimefunikwa na karatasi, zikitikisika kidogo kwa upepo wa feni, maisha ya wanawake mia na zaidi yakiwa yameanikwa kama nguo. Alipita katikati ya karatasi ameinama, taratibu, na simu ilipolia aliizima.

Yeye ndiye aliyeamua kwamba hawatasubiri karatasi zifungwe. Alitoa tangazo redioni: yeyote aliyewahi kuhojiwa na Profesa anakaribishwa kuja kuona maneno yake.

Wengi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Lakini alikuja bibi mmoja, ameshikwa mkono na mkaza mwanawe, akataja jina lake na la kijiji alichoishi akiwa kijana. Binti wa Profesa alikuwepo siku hiyo. Karatasi ilipatikana, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, na mwandiko ulikuwa umeparaganyika kuliko mingine yote, Mama Gundi aliyeuzoea akaombwa asome.

Alisoma polepole. Maji, kuni, shamba, mgonjwa, nguo za watu saba, shamba tena. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mama Gundi alipomaliza upande wa pili, bibi aliuliza kwa sauti ndogo:

"Hayo yote nilifanya mimi?"

"Ni wewe, bibi. Siku moja."

"Na nikamwambia sina kazi." Alitikisa kichwa. Kisha akauliza mbona msomaji alikuwa anakwamakwama.

"Mwandiko, bibi. Hapa aliandika vibaya sana."

"Angeachaje kuandika vibaya! Nilimwambia sina nafasi ya maswali, mtoto analia. Akampakata yeye, akaandika kwa mkono uliobaki. Kutwa nzima."

Binti wa Profesa alivuta kiti, akakaa karibu na bibi. Alisema hakujua kama mama yake aliweza kumbembeleza mtoto namna hiyo. Bibi akamshika goti, akaanza kumweleza jinsi mama yake alivyokuwa akiimba, vibaya, lakini mtoto alilala. Wakazungumza hadi chakula cha mchana kikasahaulika, na Mama Gundi, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kugusa karatasi kabla ya kunawa, alimwachia bibi ile ya kwake aishike muda wote aliotaka.

Karatasi zile sasa ni majalada imara, yameshonwa kwa uzi wa katani, na wanafunzi huyasoma. Siku ya kuyapandisha rafuni walileta toroli. Mama Gundi alilikataa. Aliyapandisha ngazi mwenyewe, moja moja, kifuani, kama unavyombeba mtu aliyelala.