Gurudumu la Gia Tano

Muharami, fundi baiskeli wa Mbeya, alipofuka mwaka 1954, na waliojua ni mkewe Zuena na mimi, Bushiri, niliyekuwa nashona nguo kwenye baraza moja naye. Baiskeli aliijua kwa vidole. Gurudumu alilinyoosha kwa sikio: anagonga spoki moja moja kwa koleo, anakaza hii, analegeza ile, mpaka za kulia na za kushoto zitoe sauti moja. Kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Limekaa katikati?" Natazama, najibu. Wateja walimwona bingwa, nami nilifurahia siri ile kupita kiasi.

Miaka miwili baadaye Lutengano, mwalimu wa Uyole, alinunua baiskeli ya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Sisi tulizoea za gia moja. Hiyo ilikuwa na tano. Spoki zilipokatika alimletea Muharami, naye akafumua gurudumu la nyuma, akalisuka upya, akagonga mpaka pande zote zikalia sawa.

Kumbe gurudumu la namna hiyo halitaki usawa. Meno ya gia yamejaa upande wa kulia wa habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa hiyo spoki za kulia lazima zikazwe zaidi ziivute ringi huko, ndipo ikae katikati ya uma wa fremu unaolishika gurudumu. Muharami hakujua. Mimi pia sikujua, ila jicho lingeona tu.

Aliniuliza kama kawaida. Ilikuwa wiki ya Idi, kanzu za watu zimenielemea, na swali lake likaniudhi.

"Limekaa," nikasema. Sikuinua kichwa.

Ringi ilikuwa imelalia kushoto. Siku ya tatu Lutengano aliteremka kuelekea Mbalizi na gunia la viazi nyuma. Tairi lilikuwa limesuguana na uma mpaka likalika, na kwenye mteremko likapasuka. Alivunjika shingo, akafa palepale barabarani.

Mjane wake, Ikupa, alikuja barazani na gurudumu, pamoja na Kalinga, fundi wa Iringa aliyewahi kutengeneza baiskeli za gia. Kalinga alitueleza kosa lote, kisha akasema hata mtoto angeona limekaa upande. Ikupa akauliza, "Fundi, hukuangalia?"

"Sioni, mama," Muharami akajibu. "Nimewaficha miaka miwili. Na siku ile sikumwuliza mtu."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilinyamaza. Ninaandika haya nikiwa mzee, na aibu haijapungua hata chembe.

Hakuna aliyemletea baiskeli tena. Kila asubuhi Zuena alimkalisha karibu na cherehani yangu, naye akawa ananiuliza nani anapita barabarani, mvua imefika wapi mlimani. Lile gurudumu hakulitaja mpaka anakufa. Na mimi kila alipouliza nilisimamisha cherehani, nikainua kichwa, nikatazama vizuri, ndipo nikajibu.