Vijiti vya Kishonanguo

Mama mkubwa wangu alikuwa dobi, na mkono wake ulijulikana mtaa mzima, kwa pasi na kwa makofi. Makofi nimeyaonja. Nguo ikifika kwake haikuwa na siri: grisi ilimtajia gereji, na vile vijiti vyeusi vya kishonanguo, vinavyong'ang'ania kitambaa, vilimwambia mtu amepita kwenye magugu gani.

Jioni moja binti yake alipigwa nondo ya kichwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kiwanda cha matofali. Aliyempiga alitokomea. Asubuhi dada alikuwa bado hospitali, hajitambui. Mama mkubwa alipita barabarani, akaona kwa mbali maua madogo meupe yenye kiini cha njano yamejaa kiwanja kizima. Akasema ni kishonanguo, akaenda kazini na hasira zake.

Mkwewe, kinyozi, akaleta suruali ifuliwe haraka arudi kwa mkewe hospitali. Miguu yote imejaa vijiti vyeusi. Na huyu bwana aliwahi kumpiga dada kofi, mwaka wa kwanza wa ndoa, sote tulijua.

Mama mkubwa hakuuliza. Alimdaka mkono wa kulia, ule wa wembe, akaubana mezani na kuukandamizia pasi ya mkaa. Ngozi ilibabuka. Nilimvuta kiunoni, akanipiga kiwiko, nikatema jino. Kinyozi alipiga magoti akipiga mayowe, na mama mkubwa akainua pasi amwendee usoni. Ilibidi majirani wanne wamwangushe chini ndipo wakampeleka yule maskini hospitali.

Mchana mama mkubwa alitaka tukatafute kiatu cha dada kilichobaki kiwanjani. Tuliyapekua yale magugu hadi tukachoka. Kumbe si kishonanguo: kila ua lilisimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, majani yana manyoya, na mbegu zake zina pamba. Upepo ukavuma, zikaruka zote. Nguo zetu zilitoka safi. Mama mkubwa alilipekua pindo la gauni lake, hakupata kijiti hata kimoja.

Hospitali tulikaa nje, kwenye nyasi za uzioni, tukisubiri saa ya kuona wagonjwa. Mama mkubwa alipoinuka, pindo lote lilikuwa jeusi kwa vijiti. Mlinzi akatucheka, akasema hata yule kinyozi aliamka hivyohivyo, maana alilala pale akimngoja mkewe. Nilitamani mlinzi anyamaze.

Ndani, dada alikuwa amefumbua macho, anamuulizia mumewe. Tulimkuta mumewe kwenye benchi la nje ya wodi, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa ameshamwambia vidole viwili havitakunjika tena.

Mama mkubwa akasimama mbele yake, akamsogezea shavu.

"Nipige, baba."

Kinyozi aliangalia chini, akaviona vile vijiti pindoni. Akainama, akaanza kuving'oa kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Kupiga nilishaacha, mama."